Nataka kuwaachia akina mama wa mtaani nyumba yangu, majirani wamekuja juu

Hujambo shangazi?

Nakuita hivyo kwa kuwa ndivyo wasomaji wako wote wanavyokuita, ingawa nimevuka miaka sitini na huenda wewe ndiwe ungepaswa kuniamkia.

Mimi ni mjane. Naishi katika mojawapo ya ile mitaa ya magharibi mwa Nairobi ambayo ukiitaja ndani ya matatu, abiria wanageuka kukutazama viatu. Nyumba yetu ni ya zamani, haina ghorofa, ina vyumba vitano vya kulala na nusu ekari ya bustani. Marehemu mume wangu aliinunua kwa mkopo siku zile ambapo mshahara wa serikali uliweza kulipia mkopo wa nyumba. Watoto waliondoka. Tumebaki mimi, msichana anayenisaidia kazi, na mlinzi anayelala kwenye kile chumba cha nyuma, ambaye amekaa nasi tangu watoto wakiwa shule ya msingi. Nitamwita Mzee K. Magoti yangu hayataki tena baridi ya Julai, na dada yangu aliyeolewa Kisumu amenitengea chumba. Nataka kuhama kabla mwaka haujaisha.

Sasa sikiliza. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitoka na akina mama wa kanisa letu Ijumaa usiku kupeleka uji na mkate kwa wanawake wanaolala kwenye baraza za maduka, kuanzia Ngara hadi River Road. Yuko mmoja, msichana tu. Ana utepe alioukata kwenye leso. Kabla ya kulala hufunga ncha moja kwenye kifundo cha mguu wa mtoto wake na nyingine kwenye mkono wake mwenyewe, ili mtu akimwinua mtoto usiku yeye ashtuke. Usiku ule nilirudi nyumbani nikaanza kuhesabu vyumba vyangu.

Kanisa limeniomba niwapangishie nyumba kwa kodi ndogo, iwe malazi ya usiku ya akina mama kumi na sita na watoto wao. Waingie jioni, waoge, wale, walale kitandani, na asubuhi watoke waende kwenye shughuli zao. Wale walio tayari kuacha mtaa wabaki mchana wafunzwe ushonaji. Mimi nilikubali papo hapo. Niliona kama kwamba mume wangu mwenyewe amenisukuma mkono.

Neno likatoka nje, sijui kupitia kwa nani. Viongozi wa chama cha wakazi wakaja. Kikao kilifanyika sebuleni kwangu, na chai waliyonywa ni yangu. Walisema kwamba wana huruma kama mimi, ila mtaa wetu si mahali pa jambo kama hilo. Walitaja wizi, gundi, bei ya nyumba, watoto wao wanaotembea kwenda kusubiri basi la shule. Wiki iliyofuata nikapokea barua ya wakili. Barua haikutaja wizi wala gundi. Ilitaja shimo la maji taka, msongamano wa magari, na kwamba ploti yangu imeidhinishwa kwa makazi ya familia moja. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp mtu akatuma picha ya mwanamke aliyebeba gunia karibu na kibanda cha mboga, na chini yake maneno: "Wameanza kuja." Shangazi, yule ni mama kutoka Kawangware anayefulia nguo nyumba tatu za mtaa huu huu, na moja kati ya hizo tatu ni ya aliyetuma picha.

Kinachoniumiza zaidi ni mwenyekiti. Yeye na mimi tumelea watoto pamoja. Mume wangu alipokuwa chumba cha wagonjwa mahututi, mama huyu alikesha nami hospitalini, akaniondolea aibu zote za bili. Siku ya kikao alinivuta kando jikoni akaniambia: "Wewe unahama. Sisi ndio tutakaobaki nao." Kisha akaniambia nikikubali mradi upelekwe upande wa Ruai au Kamulu, ambako ploti ni za bei nafuu, yeye mwenyewe ataongoza harambee mtaani kwetu, na ana hakika pesa nzuri zitapatikana. Mimi nilihisi nahongwa. Lakini nimelala nikiwaza, na sasa sina hakika.

Mwanangu wa kiume aliye Dallas amepata mwekezaji anayetaka kujenga fleti hapo. Anasema, "Mama, hiyo nyumba si yako peke yako." Hatimiliki ina jina la baba yao, na kesi ya urithi hatujawahi kuifungua kwa kuwa hakuna aliyekuwa akigombana na mwenzake. Binti yangu anasema nifuate moyo wangu, lakini anavyolisema najua hapendi. Mzee K nilimuuliza maoni yake akakaa kimya, kisha akaniuliza: "Mama, mwanamume wa mmoja wao akija getini saa nane za usiku amelewa, anataka mtoto wake, mimi nifungue au nisifungue?" Sikuwa na jibu.

Je, niendelee na mpango huu hata kama mtaa mzima utanitenga? Au niuze, nigawe fungu kwa kanisa, nitue mzigo?

Mjane, Nairobi

SHANGAZI ANAJIBU

Shikamoo mama. Umri wako nimeuheshimu, kwa hiyo leo nikuitikie kama mtoto aliyekaa karibu nawe na kikombe mkononi, na panapouma unisamehe.

Nimesoma barua yako nikaona ndani yake mna magomvi matatu yaliyovaa nguo moja. Upo ugomvi wako na majirani kuhusu akina mama wa mtaani. Upo ugomvi na wanao kuhusu mali ya baba yao. Na upo mwingine mdogo, wa sauti ya chini, kati yako na rafiki yako. Umeniuliza kuhusu wa kwanza, lakini nitaanza na wa pili, kwa sababu usipoutatua huo, mingine miwili utaipigana bure.

Unaandika "nyumba yangu". Sikatai kwamba ni yako kwa jasho na kwa miaka. Lakini hatimiliki ina jina la marehemu, hujataja wasia, na kesi ya urithi haijafunguliwa. Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mali, hakuna mwenye mamlaka ya kuipangisha wala kuiuza nyumba hiyo: si wewe, si mwanao na mwekezaji wake wa fleti. Kuishughulikia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa. Na hata kesi ikiisha, mjane mwenye watoto, pale ambapo hakuna wasia, kwa kawaida hupewa haki ya kuitumia nyumba maisha yake yote, huku watoto wakiwa ndio watakaoirithi. Kwa maneno mengine, mwanao alikukosea adabu kwa jinsi alivyosema, lakini alichosema kina mizizi. Habari njema, kama naweza kuiita hivyo, ni kwamba kanuni hiyo inamfunga na yeye. Huna haja ya kuamua chochote mwezi huu kwa sababu ya presha ya mwekezaji. Tafuta wakili wa urithi, asiwe wa chama wala wa kanisa. Waite watoto wote wawili mezani, hata kama mmoja yuko kwenye simu. Ikitokea wakakubaliana nawe, utakuwa umepata nguvu ambayo sasa huna. Ikitokea wakakataa, ni heri ujue sasa kuliko kujua siku ambayo akina mama kumi na sita wameshatandika vitanda.

Tuje kwa majirani. Nataka nikusumbue kidogo hapa, kwa sababu naona umewagawa watu mafungu mawili, wenye roho nzuri na wenye roho mbaya, na rafiki yako amekwama katikati akikuchanganya.

Angalia ramani ya mji wetu. Lavington imepakana na Kawangware. Runda ina Githogoro ubavuni. Ukitoka Muthaiga ukavuka barabara, Mathare hii hapa. Mtaa wa kifahari Nairobi haujawahi kuwa mbali na maskini. Kila asubuhi wanaingia kwa miguu kufua, kulea, kupika, kulinda, na hakuna chama kinachoandika barua ya wakili kuwazuia. Shida huanza jua likizama. Enzi za ukoloni upande wenu wa mji ulitengewa Wazungu, Wahindi wakawekwa kina Parklands na Ngara, na Mwafrika akasukumwa mashariki, Pumwani na kwingineko. Mwafrika aliyelala upande wenu alilala kwenye chumba cha nyuma, akiwa na kipande, kile kitambulisho cha lazima cha kazi, na mwajiri. Kuzurura bila makao kulikuwa kosa la jinai, na kosa hilo halikuondoka na mkoloni: Sheria ya Uzururaji ilifutwa mwaka 1997 tu, kwenye yale mageuzi ya kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo swali la nani ana ruhusa ya kulala mtaa huo ni la zamani kuliko chama chenu, na wengi wa waliokunywa chai yako hawajui kwamba wamelirithi pamoja na bustani. Sisemi hivyo ili uwadharau. Nasema ili usidhani kwamba umewagundua ghafla kuwa watu wabaya. Ukiangalia baadhi ya vituo vya kaunti vya kuwasaidia watoto wa mitaani, kama Kayole na Shauri Moyo, viko Eastlands, upande ule ule wa mashariki. Hao mabwanyenye hawakukaa kikao kuvipeleka huko. Mji ulikuwa umeshaelekea huko siku nyingi.

Barua ya wakili imekuchoma kwa sababu umeona imeficha sababu halisi nyuma ya shimo la maji taka. Una haki. Hata kwingineko hufanya hivyo. Mwaka 2018 meya wa New York wa wakati huo, Bill de Blasio, alitangaza kwamba hoteli moja kuukuu, Park Savoy, iliyoko barabara ya West 58th pale Manhattan, itakuwa malazi ya wanaume wasio na makao. Karibu kabisa na hoteli hiyo kuna jengo la One57, ambako fleti moja iliwahi kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni 100. Wakazi walikwenda mahakamani. Hoja waliyoishikilia huko ilikuwa usalama wa moto: jengo la zamani, ngazi nyembamba. Kesi ikapanda na kushuka kwa miaka, hadi Novemba 2021 wanaume wa kwanza walipoingia. Fleti za pale bado zinauzwa kwa mamilioni ya dola.

Ukiishia hapo utasema, "Unaona, ni visingizio." Lakini subiri. Kisingizio kinaweza kuwa pia ni kweli. Nyumba yako ni ya zamani na ni ya Nairobi, kwa hiyo nina hakika madirisha yote yana vyuma na milango ina makufuli mawili mawili. Ukiweka wanawake kumi na sita na watoto wao kwenye vyumba vitano, hiyo si nyumba tena, ni bweni. Machi 2001 bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli kule Machakos liliteketea na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Adui yako akikuuliza kuhusu moto, mjibu kama vile umeulizwa na rafiki. Vyuma vitakatwa? Mlango wa pili uko wapi? Shimo la maji taka lililochimbwa kwa familia moja litabeba watu arobaini wanaooga kila jioni? Hayo yana gharama, na sijaona katika barua yako nani atalipa.

Jambo la ploti vilevile. Kuigeuza nyumba ya familia kuwa malazi ya umma ni kubadilisha matumizi ya ardhi, na chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 unahitaji idhini ya kaunti. Majirani watapata nafasi ya kupinga, na wewe nafasi ya kujibu. Asiyeridhika anaweza kwenda kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango, kisha mahakamani. Ni safari ndefu na ina ada zake. Kanisa limeshajiandaa kuitembea? Na kitu kingine: wakibadili mawazo wakaanza kupokea watoto walio peke yao, hiyo tayari ni makao ya watoto, na serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya aina hiyo tangu 2017, kwa sera kwamba mtoto alelewe kwenye familia. Waulize mapema. Watu wenye huruma hupenda kusema "tutaona mbele ya safari", nami nimeshaona mbele ya safari za wengi.

Mfano wa New York una mpaka wake, mama. Kule, tangu makubaliano ya mahakamani ya 1981, mji unabanwa kumpa kitanda asiye na makao, na ni mji unaolipa walinzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Huku kwetu kuna Hazina ya Taifa ya Kurekebisha Familia za Mitaani iliyoanzishwa 2003, na sensa yake ya 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, 15,337 kati yao Nairobi. Lakini mzigo mwingi hubebwa na makanisa na mashirika, kama Undugu Society ambayo Padri Arnold Grol aliianzisha 1973. Kituo kinachotegemea sadaka kina siku nzuri na mwezi mbaya. Mwezi mbaya ukifika, mlinzi wa usiku ndiye wa kwanza kukosa mshahara, na ndipo maneno ya kikundi chenu cha WhatsApp yanapogeuka kuwa kweli.

Sasa ile harambee ya Ruai. Ulihisi unahongwa. Inawezekana ni hongo, inawezekana ni huruma ya mtu anayeogopa, na mara nyingi vitu hivyo viwili hukaa kwenye pochi moja. Badala ya kupima nia ya mtoaji, mimi ningepima nauli. Wanawake unaowapelekea uji huishi kwa mji: chupa za plastiki, vyuma chakavu, kubeba mizigo sokoni Muthurwa, kuomba kwenye taa za barabarani. Kamulu iko mbali na vyote hivyo. Mama mwenye mtoto mgongoni atalipa nauli ya kwenda na kurudi kila siku kutoka wapi, na mvua ikinyesha matatu ikapandisha bei? Kitanda kilicho mbali na kibarua hubaki kitupu, au hujazwa na mtu mwingine kabisa. Lakini kipimo hicho hicho kitumie kwa mtaa wako. Kutoka Ngara hadi kwako ni nauli pia, na hakuna chupa za kuokota kwenye barabara zenye kamera na walinzi wa kampuni. Asubuhi atakapotoka getini kwako na gunia, unajua vizuri picha itakayopigwa.

Hapa ndipo ninapokuuliza jambo ambalo sijaliona popote katika barua: wenyewe wamesemaje? Umenisimulia kanisa linavyotaka, chama kinavyotaka, mwanao, binti yako, Mzee K, hata marehemu. Akina mama wa baraza sijawasikia. Ijumaa ijayo uji ukishaisha, kaa chini uulize. Wangependa kulala wapi? Ni saa ngapi wanamaliza kibarua? Malazi yakifunga mlango saa moja jioni, wataweza? Wana waume wanaowaogopa? Wapo watakaosema hawataki kulala kwa mabwanyenye kamwe, wapo watakaokuambia chumba cha kupanga mtaa wa Huruma, kodi ikilipwa miezi sita, ni bora kuliko kitanda kwenye jumba. Majibu hayo yanaweza kuuvunja mpango wako wote au kuupa miguu. Siwezi kuyabuni kutoka kwenye kiti changu hiki.

Ukiniuliza ni nani kwenye barua yako aliyeuliza swali lenye akili kupita wote, ni Mzee K. Nifungue au nisifungue? Hilo ndilo swali la malazi ya usiku popote duniani. Linahitaji mtu mwenye mafunzo aliye macho saa hiyo, namba ya polisi anayepokea simu, utaratibu ulioandikwa, na mwanamke kiongozi ndani ya nyumba ambaye neno lake ni la mwisho. Kanisa likikuletea jibu la swali hilo kwenye karatasi, na majina ya watu na mishahara yao, nitaanza kuamini kwamba wako tayari. Wakikujibu kwamba Mungu atatulinda, mama, Mungu atatulinda, lakini geti linalindwa na Mzee K.

Na hilo linanirudisha kwa rafiki yako. "Wewe unahama, sisi ndio tutakaobaki nao." Nimeyasoma maneno hayo mara kadhaa. Ni makali, na lile neno "nao" limebeba mengi. Lakini ndani yake mna hoja ambayo huwezi kuifuta kwa kusema hana huruma. Unataka kufungua mlango kisha upande basi la Kisumu. Kelele, lawama na furaha pia, vitabaki kwa wengine. Je, ungekuwa na msimamo huu huu kama ungekuwa unabaki chumba cha pili? Usinijibu mimi. Na kama jibu ni ndiyo, lipo jambo unaloweza kumpa rafiki yako ambalo wakili hawezi: uwepo wako. Unaweza kuahirisha kuhama kwa muda, ukawa mtu ambaye jirani anampigia simu saa nne usiku. Unaweza kumwomba yeye mwenyewe, mwenyekiti, akae kwenye kamati ya kusimamia nyumba. Mtu aliyekesha nawe hospitalini anajua kukesha. Anaweza kukataa, na huenda urafiki ukapoa kwa muda. Huenda pia alikuvuta jikoni kwa sababu mbele ya wengine asingeweza kukuuliza unavyoendelea tangu mzee afariki. Je, amewahi kukuuliza? Nawe, umewahi kumwambia kwa nini hasa unahama?

Kama baada ya urithi kunyooka bado moyo uko pale, mambo hayalazimiki kuwa makubwa tangu siku ya kwanza. Wapo wanaoanza na mama wanne au watano wenye watoto wachanga, wanaoishi kama familia moja kubwa pamoja na mama mlezi, jambo linalofanana zaidi na matumizi ya kawaida ya nyumba, ingawa kaunti ndiyo itakayokuambia mpaka uko wapi. Mkataba wa kupangisha usiozidi miaka miwili hauhitaji kusajiliwa kwenye ofisi ya ardhi, na unakuachia nafasi ya kusema basi bila vita. Upande wa hatari: kuanza kidogo kunaweza kuwachosha majirani kidogo kidogo badala ya kuwazoesha, na mama watano utakaowachagua watakuachia macho ya wale utakaowaacha kwenye baraza. Kuuza na kutoa fungu nako si dhambi. Fungu hilo linaweza kulipa kodi za vyumba vingi karibu na mjini kwa miaka. Hatari yake ni kwamba pesa zikishatoka mkononi, wewe si msimamizi tena, ni jina kwenye orodha ya wafadhili, na fleti zitajengwa hapo majirani wakilalamika kuhusu shimo la maji taka vilevile. Unaweza pia kuacha kila kitu kilivyo ukahama na kufunga nyumba. Hilo silisifu wala silikatazi, ila nyumba tupu Nairobi haikai tupu.

Siwezi kukuchagulia. Kuhusu mume wako kukusukuma mkono, ninakuamini kwamba ulihisi. Waulize na watoto wako wanavyomkumbuka baba yao. Huenda kila mmoja ana mkono wake aliousikia, na kikao cha urithi ndicho mahali pa kuwekeana kumbukumbu hizo mezani kabla ya kuwekeana hati.

Jambo la mwisho kabla hujapakia mizigo. Ukipangisha, chumba cha nyuma kitahitajika. Ukiuza, kitabomolewa. Katika barua yako yote nimetafuta mahali ulipoandika Mzee K atakwenda kulala wapi, na sijapaona. Kaa naye mzungumze, yeye kwanza, hata kabla ya wakili.